Uso umekuwa mwekundu kwa krimu ya fluorourasili: usiache kabla hujasoma hapa

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, umeandikiwa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5 kwa ajili ya magamba ya jua usoni (madoa makavu ya ngozi iliyoharibiwa na jua, yanayoweza kugeuka saratani), leo siku ya sita uso umeiva, unawasha na kuchoma, na unataka kuacha. Pili, jamaa yako kakwambia saratani haitibiwi kwa kupaka, ni kisu tu. Naanza na la kwanza maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Mimi nina ualbino, kwa hiyo jua na ngozi yangu ni maadui wa siku nyingi. Krimu hii nimeipaka zaidi ya mara moja: kwenye paji la uso na masikioni kwa ajili ya magamba, na begani kwa saratani yenyewe, ile ya juujuu. Aldara, krimu nyingine ya saratani ya ngozi, nayo nimeipitia, nitaigusa huko chini.

Huo wekundu ndio dawa inafanya kazi. Fluorourasili inaizuia seli isiweze kutengeneza DNA, na seli isiyotengeneza DNA haiwezi kugawanyika. Zinazoumia zaidi ni zile zinazogawanyika ovyo, yaani zilizoharibiwa na jua. Ngozi yenye afya huguswa kidogo tu. Ndiyo maana uso wako hauwaki sawasawa: hapa pamekolea, pale pembeni pametulia. Na usishangae pakiwaka mahali ambapo hukuwahi kuona doa. Uharibifu ulikuwepo chini kwa chini na krimu imeuibua. Mimi paji lilivyowaka lote nilielewa kwa nini daktari alisema nipake eneo zima, nisidonoe doa moja moja.

Mwendo wake kwa kawaida ni huu. Siku za mwanzo huoni kitu, unaanza hata kudhani umeuziwa mafuta ya kawaida. Kisha wekundu na muwasho. Kisha panachubuka, panatoa majimaji, panafanya ukoko, na hapo ndipo unapochukia kioo. Kwa magamba ya jua hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, na daktari husimamisha ngozi ikishafika hatua ya kuchubuka. Uzuri ni kwamba ukishasimamisha, ngozi mpya huja haraka, wiki chache tu, ingawa rangi ya waridi inaweza kubaki miezi. Watu watakuuliza kama umemwagikiwa mafuta ya moto. Tafuta jibu moja fupi ulikariri. Na kama kuna harusi au usaili wa kazi karibuni, hilo ungelipanga na daktari mapema. Wengi huchagua kipindi ambacho jua si kali na ratiba iko wazi.

Ila si kila moto ni wa heri. Ukiona usaha, harufu mbaya, homa, jicho kuvimba, au maumivu yasiyovumilika, simamisha na umpigie daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukipata vidonda mdomoni, kuhara sana au tumbo kuuma sana. Wapo watu wachache ambao miili yao haina kimeng'enya cha DPD kinachovunjavunja dawa hii, na kwao hata ya kupaka inaweza kuwa sumu. Mjamzito haigusi kabisa, wala anayenyonyesha.

Namna ya kupaka ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Osha kwa maji tu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, subiri kama dakika kumi ngozi ikauke sawasawa, halafu paka utando mwembamba kwa glavu au kijiti cha pamba. Ukipaka nene hupati nafuu zaidi, unapata mateso zaidi. Kaa mbali na macho, midomo na mikunjo ya pua, kwa sababu krimu hujikusanya mkunjoni na kuchimba. Ile ya usiku ipake mapema kabla ya kulala, la sivyo nusu itaishia kwenye mto na robo kwenye kope. Nawa mikono hata kama ulivaa glavu. Usifunike kwa plasta isiyopitisha hewa bila kuambiwa. Jua likuone kwa nadra: kofia pana, kivuli, na muulize daktari losheni gani ya kukinga jua ngozi hiyo itaivumilia. Vaselini ilinisaidia sana kipindi cha ukoko, kwa ruhusa ya daktari.

Na kama nyumbani kuna mbwa au paka, soma hili mara mbili. Dawa hii huwaua. Kulamba uso wako au kutafuna tyubu kunatosha. Ifungie kabatini, na vitambaa ulivyofutia usiviache ovyo.

Sasa jamaa yako na kisu chake. Ana nusu ya ukweli. Krimu hutibu saratani ambayo bado iko tabaka la juu: ile ya basali ya juujuu, na pengine ugonjwa wa Bowen, ambao ni saratani ya skwamasi kabla haijapenya chini (basali na skwamasi ni aina mbili za saratani ya ngozi). Iliyofanya kinundu au kushuka chini, na melanoma (saratani ya ngozi iliyo kali zaidi), hazitibiwi kwa fluorourasili. Hatari yenyewe ni hii: juu panapona vizuri, unafurahi, huku chini mzizi unaendelea. Kwa hiyo kabla hujapaka kitu juu ya kidonda kisichopona, kikatwe kinyama kipimwe. Bega langu lilipimwa kwanza, ndipo nikaandikiwa krimu, na nilipaka wiki nyingi kuliko za usoni. Kwa basali ya juujuu huwa ni wiki 3 hadi 6, wakati mwingine hadi 10 au 12.

Takwimu zipo. Utafiti mmoja wa Uholanzi uliwafuata wenye basali ya juujuu kwa miaka mitano: waliobaki bila uvimbe walikuwa karibu asilimia 80 kwa imikwimodi, ambayo ndiyo Aldara, na 70 kwa fluorourasili. Uingereza walilinganisha imikwimodi na upasuaji, nako kisu kikapata karibu asilimia 98 dhidi ya 82 au 83. Kwa hiyo kisu kinashinda, ila kinaacha kovu, na mtu mwenye madoa mengi hawezi kukatwa kila mahali. Kwa magamba ya usoni kama yako hali ni tofauti: mwaka 2019 Waholanzi hao walipima tiba nne, na fluorourasili ndiyo iliyoongoza.

Aldara inafanya kazi kwa njia nyingine, inaamsha kinga ya mwili ije ishambulie. Kwa basali ya juujuu hupakwa siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Mimi ilinipa uchovu na maumivu ya viungo kama wa mafua, kitu ambacho fluorourasili haikunifanyia. Nikipewa kuchagua, nachagua fluorourasili.

Kuna utafiti mwingine wa maveterani zaidi ya 900 wa Marekani: waliopaka fluorourasili usoni na masikioni hadi wiki nne walipungukiwa na saratani za skwamasi zilizohitaji upasuaji kwa asilimia 75 mwaka wa kwanza. Baada ya hapo kinga ikafifia. Kwa hiyo ukimaliza bado utarudi kukaguliwa, na huenda ukapaka tena miaka ijayo.

Leo fanya hivi: piga picha ya uso kwenye mwanga mzuri, mtumie daktari aliyekuandikia, muulize kama hapo ulipo ndipo alipotarajia ufike. Na tyubu ikibaki, usimpe jirani mwenye doa linalofanana na lako.