Amoksilini kwenye nanga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu. Nanga, mnyororo na bolti za usukani zaliwa na kutu hadi rangi haishiki. Dada yangu amefunga duka la dawa, amebaki na katoni za amoksilini zilizokwisha muda. Mpwa wangu aliye chuoni ashikilia kwamba dawa hizo huzuia kutu katika maji ya chumvi. Nikizisaga nikachanganya na rangi, itafaa?
Nahodha, Mokowe

JIBU: Marahaba, nahodha. Mpwa wako hakukudanganya, ila amekusomea nusu ya karatasi.

Maabara nyingi zimejaribu antibiotiki kama ampisilini, amoksilini na ndugu zake. Molekuli zake zina naitrojeni, oksijeni na salfa, na hapo ndipo zinaposhikia uso wa chuma. Zikijipanga vizuri huzuia maji na kloridi itokayo kwenye chumvi, kama makuti ya paa: kuti moja likichomoka, mvua imepata njia. Tarehe ikipita, dawa haifi siku hiyo; mara nyingi kiini chake kingali kingi. Na watafiti wana haki ya kutafuta, kwani kromati, kizuia kutu cha zamani, huleta saratani.

Nusu ya pili ni chupa. Kipande cha chuma kilichosuguliwa hutumbukizwa katika maji yenye chumvi asilimia 3.5, karibu sawa na bahari, dawa imeyeyushwa humo humo, kisha hupimwa uzito. Ndani ya chupa dawa haina pa kukimbilia. Wewe nanga yako imo mkondoni, maji yajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Utamwaga katoni ngapi? Kwenye rangi ndiyo usijaribu kabisa. Unga unaoyeyuka chini ya rangi huvuta maji, rangi ikaota malengelenge na kubabuka.

Nunua zinki, iliwe yenyewe badala ya chuma. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alilishauri jeshi la majini la Uingereza lifunge vipande vya chuma au zinki juu ya shaba iliyofunika matumbo ya meli. Shaba ikapona kweli! Lakini shaba isiyoliwa haitoi sumu yake, basi mwani na makombe yakang'ang'ania, meli zikawa nzito. Kisa hiki hunichekesha kila mara. Wewe huna shaba, hasara ile haikuhusu.

Funga zinki kwenye chuma cha usukani, chini ya maji, igusane na chuma kitupu. Usiipake rangi, na ikiliwa nusu ibadilishe. Bolti za stenlesi usizichanganye na za chuma cha kawaida, maana hizi za kawaida zitaliwa upesi zaidi. Mnyororo ukishaupandisha, zinki haiusaidii: usuuze kwa maji matamu, najua yana bei, ndoo moja yatosha. Nanga mpya chagua iliyochovywa zinki. (Wazee wa mtepe, chombo cha kale cha pwani, walishona mbao kwa kamba ya nazi, balaa la misumari hawakulijua.)

Katoni za dada zisitupwe baharini, chooni wala karibu na kisima. Antibiotiki ikienea majini huwafunza vijidudu usugu. Amwone mfamasia wa hospitali ya kaunti, aulize zitateketezwa wapi. Aende na orodha ya majina na idadi, itamrahisishia mwenzake kazi.