Umba ilivyonipasulia picha: kwa anayeanza rangi za udongo

Ukinunua rangi za mafuta kwa mara ya kwanza, anza na za udongo: oka ya njano, sienna (hudhurungi) mbichi na ya kuchoma, na umba, ile kahawia iliyokolea. Huwa ni za bei nafuu dukani na hazipauki kwa jua. Kinachozipa rangi ni kutu ya chuma, ileile iliyo kwenye michoro myekundu ya miambani kule Kondoa.

Niliyekosana naye ni umba. Mbali na chuma, ana madini ya manganizi, na manganizi hukausha mafuta upesi. Mafuta ya kitani, yanayochanganywa na rangi hizi, hayakauki kama maji. Hula hewa na kugeuka utando mgumu, na manganizi huyahimiza. Sikulijua hilo. Nilipaka uso wa mama mmoja kwa nyeupe niliyoizidishia mafuta, brashi ikateleza raha tupu. Siku ya tatu nikapiga vivuli vya umba juu yake, nimeizimua kwa tapentaini hadi ikawa kama chai ya rangi. Kesho yake kavu! Nikajisifu. Baada ya miezi kadhaa shavu likapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi: chini bado palikuwa laini, panasogea, na juu pameshakakamaa.

Basi umba ianze chini. Ichoree umbo na vivuli ikiwa nyepesi, iache ikauke, kisha tabaka zinazofuata ndizo uziongeze mafuta kidogo kidogo. Na turubai iwe imeshapakwa gundi na jeso, ile rangi nyeupe ya msingi. Mafuta yakigusa kitambaa kitupu hukiozesha.

Umba pia ni mnywaji wa mafuta, kwa hiyo baadhi ya sehemu zitapoteza mng'ao. Usiongeze rangi. Picha ikikauka, pitisha mafuta membamba hapo, ufute. Kitambaa ulichofutia usikifinyange ukakitupa kapuni: mafuta ya kitani hujipasha joto, na kitambaa huweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje au kiloweke majini.

Ukitaka kusaga mwenyewe, kaanga oka ya njano kwenye kikaango kilichostaafu mapishi, uione ikiwa nyekundu. Vaa barakoa, hasa ukisaga umba: vumbi la manganizi si la kuvuta.

Yule mama bado yuko karakana kwangu. Mteja mmoja alimtazama sana, akaniuliza ile mipasuko niliichora kwa brashi gani.