Sola nne, betri kubwa, na bado tareti zinalala: usinunue betri ya pili

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unacheza gemu ya Rust, una paneli nne za sola juu ya paa, umeziunganisha kwa OR Switch tatu, waya umeshuka hadi kwenye betri kubwa mpya, na betri inalisha tareti tatu (bunduki zinazojilenga na kupiga zenyewe), taa nne za dari, milango miwili inayojifungua yenyewe na tanuri moja la umeme. Mchana tareti zinawaka na kuzimika, usiku zinalala fofofo. Sasa unakusanya skrapu, pesa za mle ndani, uongeze betri kubwa ya pili.

Usiinunue. Hiyo betri uliyonayo haina kosa lolote, ina njaa tu.

Tatizo ni hizo OR Switch. Jina lake linadanganya watu wengi, na mimi nilidanganyika wiki nzima. OR Switch haijumlishi. Inapokea nyaya mbili, inatazama upi una umeme mwingi, inapitisha huo peke yake. Ukiipa 20 na 20, inatoka kama 20. Kwa hiyo paneli zako nne, hata jua likiwa utosini, zinapeleka kwenye betri kazi ya paneli moja. Tatu ziko pale kama mapambo.

Hakikisha mwenyewe kabla hujang'oa kitu. Shika kile kifaa cha kuvutia waya mkononi, simama mbele ya paneli uitazame, namba ya umeme unaotoka itajitokeza. Kisha nenda kwenye OR Switch ya mwisho uitazame vilevile. Ukikuta paneli inasema 17 na swichi ya mwisho nayo inasema 17 au karibu na hapo, umeshapata jibu.

Kinachojumlisha kinaitwa Root Combiner. Hicho nacho kinachukua nyaya mbili tu, kwa hiyo paneli nne zinataka vitatu: paneli mbili kwenye cha kwanza, mbili kwenye cha pili, halafu hivyo viwili vinakutana kwenye cha tatu. Kuna sharti moja: kinapokea umeme unaotoka kwenye chanzo chenyewe, yaani sola, feni ya upepo, jenereta au betri, au kwenye Root Combiner nyingine. Ukipitisha waya wa paneli kwenye kifaa kingine njiani, kitakukatalia. Zile OR Switch usizitupe, nitakwambia pa kuziweka.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hata ukishabadilisha viunganishi, bado hujatoka.

Matumizi yako ni haya. Tareti moja inakula 10, kwa hiyo tatu ni 30. Taa ya dari 2, nne ni 8. Kifungua mlango 1, viwili ni 2. Tanuri la umeme 3. Jumla 43, mchana na usiku.

Paneli ya sola mwisho wake ni 20, ila hiyo 20 inaonekana kwa muda mfupi. Jua la mle ndani linatembea kama la kwetu: asubuhi namba inaanza chini, inapanda, jioni inashuka, usiku ni sifuri. Kwenye seva nyingi siku nzima ni kama saa moja ya saa yako ya ukutani, na usiku unachukua kama dakika 15. Mimi nikipanga huihesabu paneli moja kuwa 8 kwa wastani wa mzunguko mzima, usiku ukiwemo. Ni makadirio yangu ya kuchuchumaa darini na kusoma namba, na mpaka leo hayajaniangusha. Paneli nne basi ni 32. Betri nayo inapochajiwa inahifadhi asilimia 80 tu ya unachoipa, kingine kinapotea. Unabaki na kama 25.

Inaingia 25, inatoka 43. Hapo hata uweke betri kumi.

Na tazama upande wa pili, maana hapa ndipo watu wanapochoma skrapu bure. Usiku wa dakika 15 kwa matumizi ya 43 unakula 645. Betri kubwa inabeba 24,000. Ya kati inabeba 9,000. Hata ile ya kati ingebeba matumizi ya usiku zaidi ya kumi kama ungeweza kuijaza. Ndogo ndiyo usiiguse kwa ulinzi, inabeba 150 na inatoa 10 kwa wakati mmoja, ni ya taa ya chooni. Tofauti utakayoisikia kati ya kubwa na ya kati ni mlango wa kutokea: kubwa inatoa hadi 100 kwa mara moja, ya kati 50. Kwa 43 zako ya kati ilitosha, ila imebana, ukiongeza tareti moja tu umepita.

Mjomba wangu ana sola ya kweli nyumbani. Fundi alipokuja kumfungia, kabla hajashusha hata paneli kwenye bodaboda, aliuliza: "Mzee, usiku unawasha nini na nini?" Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu: taa, redio, televisheni, chaji ya simu. Baada ya hapo ndipo akataja paneli. Kwenye Rust wengi tunaanza na betri kwa sababu ndiyo yenye umbo la kutisha. Ila mle tumependelewa: betri ya asidi ya mjomba ukiimaliza hadi chini mara kwa mara inakufa, ya kwenye gemu unaikamua hadi sifuri na kesho inachaji kama haijaona kitu.

Sasa dawa. Njia ya kwanza ni kuongeza paneli. Unataka 43 zitoke, kwa hiyo lazima kama 54 ziingie kwenye betri, na kwa hesabu yangu ya 8 hizo ni paneli saba. Saba ni nyingi, zinajaza paa, na kila moja ni lazima ilione jua bila kizuizi. Ukuta wako mwenyewe unaweza kuitia kivuli jioni nzima. Nimeona mtu kaweka paneli sita nyuma ya mnara wake, analalamika gemu imeharibika.

Njia ya pili, na ndiyo ninayoipenda, ni feni ya upepo. Mwisho wake ni 150, na kadiri ilivyo juu ndivyo inavyopata upepo mzuri. Yangu ya mzunguko uliopita niliipandisha juu ya mnara, ilikuwa ikicheza kati ya 50 na 90, inashuka na kupanda inavyotaka, lakini usiku haiendi kulala. Ubaya wake inaonekana toka mbali na kila mpita njia anajua kuna mali. Kama unacheza peke yako na hutaki wageni, baki na sola.

Njia ya tatu haina gharama: punguza. Weka swichi ya kawaida kwenye taa na tanuri, uzime unapotoka. Tareti mbili za milangoni zinazofanya kazi usiku kucha ni bora kuliko tatu zinazosinzia.

Kuna kitu hujauliza lakini nakionya mapema, kwa sababu ndicho kilichoniliza mimi. Umesema umeme wa betri unaugawa kwa Splitter. Ile inagawa sawa kwa sawa bila kujali nani ana njaa. Ukiwa na betri ya kati ya 50 na matawi matatu, kila tawi linapata 16, na kama tawi moja lina tareti mbili zinazotaka 20, moja haiwaki. Tumia Electrical Branch, pale unaandika mwenyewe tawi lipewe ngapi, kinachobaki kinaendelea mbele. Lakini uandike kweli! Ikitoka dukani imewekwa 2. Mimi nilifunga tatu mfululizo saa nane za usiku, nikapanga namba kwenye mbili, ya tatu nikasahau. Tareti ya mlango wa nyuma ikapewa 2 badala ya 10. Binamu yangu aliyeko Muscat ndiye alikuwa zamu, mimi umeme wa mtaani ulishakatika nimelala. Asubuhi nakuta sauti yake kwenye WhatsApp, anacheka kwa uchungu: jamaa wawili walikuja taratibu, wakasimama chini ya tareti, ikawa haigeuzi hata shingo. Wakaivunja wakaondoka na bunduki iliyokuwa ndani.

Tareti yenye umeme inageuka kushoto kulia. Kabla hujatoka kwenye gemu, zunguka nyumba nzima uzitazame shingo.

Ndiyo, zile OR Switch. Ukija kuwa na betri mbili, ya pili iwe ya akiba: nyaya za kutokea za betri zote mbili zipeleke kwenye OR Switch moja, na kutoka hapo ndipo waya uende kwenye tareti. Moja ikiisha au ikilipuliwa, nyingine inashika. Hizo betri usizipange chumba kimoja, kwa sababu roketi ikitua pale unapoteza zote na akiba haina maana.

Kufutwa kwa seva na kuanza upya (wipe) ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kama uko siku za mwisho usihangaike na feni, funga Root Combiner tatu, zima tanuri na taa, toa tareti moja. Kisha soma namba ya chaji kwenye betri jua linapozama na tena linapochomoza, zilete hapa zote mbili tuone.