Kabla ya kununua Land Rover Series IIA, lala kwanza chini yake

Ndugu, umeuliza kama uinunue ile Land Rover Series IIA ya mwaka 1968 kwa sababu bodi yake bado nzima. Bodi hiyo isikudanganye: ni ya aloi ya alumini, isiyoshika kutu kama chuma, ilhali chesisi, yaani fremu iliyo chini yake inayobeba gari, ni ya chuma na huoza kuanzia ndani, ambako jicho halifiki. Chukua bisibisi na nyundo ndogo, ulale chini ya gari, uigonge chesisi yote, hasa sehemu ya nyuma na vikono vinavyobeba bodi. Chuma kizima hulia kama kengele, lakini kilichooza hutoa mlio mzito na bisibisi huzama. Nyanyua pia mikeka ya miguuni uone kama sakafu imetoboka. (Mimi niliipuuza, nikaja kuiona lami kupitia sakafu.) Injini isikutie hofu, kwani vipuri vyake bado vinapatikana Uingereza na fundi mzoefu anaimudu. Chesisi ikiwa imekwisha, mpya iliyopakwa zinki inapatikana, ila gharama yake ipunguzwe kwenye bei kabla hujatoa pesa, na namba za chesisi na injini zilingane na zilizo kwenye kadi ya gari.