Miwani ya Skrini: Inchi za Tangazo na Macho Yasiyopimwa

Swali: Nimenunua miwani ya skrini ya Xreal Air, haionyeshi kitu kwenye simu yangu ingawa tundu ni USB-C. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Wiki haipiti bila swali hili, na muulizaji hataji simu yake. Tundu kufanana si hoja. Miwani hiyo haina betri. Umeme na picha vyote inavuta kwenye simu, na picha lazima itoke kwa mfumo wa DisplayPort, ule wa kupeleka picha kwenye skrini ya nje. Galaxy S kuanzia S8 zinatoa, iPhone 15 pia. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi, wala hakuna programu ya kupakua itakayoziwezesha. Soma sifa za simu: ukikuta USB 2.0 na DisplayPort haitajwi, sahau. Kama simu yako inatoa, angalia waya. Ule wa kuchajia unaokuja na iPhone 15 haupitishi picha.

Swali: Eti nitaona skrini ya inchi 130?

Jibu: Ndiyo, ikiwa mita 4 mbele yako. Hilo huandikwa kwa herufi ndogo. Gawa yote kwa kumi: inchi 13, sentimeta 40. Yaani laptop ndogo mezani. Anayekutangazia inchi 200 kwa mita 6 anakuuzia karibu kitu kile kile. Uliza nyuzi za uwanja wa kuona. Xreal Air ina 46, kona kwa kona. Si kasoro. Pikseli 1920 zikibanwa hapo, herufi zinasomeka vizuri kuliko kwenye Quest 3, kifaa cha uhalisia pepe cha kufunga usoni, inayotandaza pikseli 2064 kwenye nyuzi kama 110. Wa majedwali achukue miwani, wa michezo achukue Quest.

Swali: Nikivaa Quest 2 dakika kumi, kichwa kinauma.

Jibu: Umepima umbali wa mboni zako? Simama sentimeta 20 kutoka kwenye kioo, rula ya milimita juu ya pua. Fumba jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, fumba la kushoto, fumbua la kulia, soma namba. Rudia mara tatu. Lenzi za Quest 2 zina vituo vitatu: 58, 63 na 68, zisukume kwenye kilicho karibu na namba yako. Kisha shusha mkanda wa nyuma hadi chini ya kisogo, mashavu yasibebe mzigo.

Swali: Mwanangu ana miaka 6, anaweza kuitumia Quest 2?

Jibu: Hapana. Meta wenyewe, watengenezaji wa Quest, wameweka miaka 10, na umbali wa mboni za mtoto wa umri huo kwa kawaida haufiki hata 58.

Swali: Lenzi nifute kwa spiriti?

Jibu: Itakula utando wake. Kitambaa kikavu cha miwani, basi.

Swali: Kuna doa la njano halifutiki.

Jibu: Halitafutika, liko kwenye skrini. Uliiacha lenzi ikitazama dirisha au jua la kioo cha gari, ikafanya kama kile kioo cha kukuzia ambacho watoto huchomea karatasi. Sekunde chache zinatosha, hata ikiwa imezimwa. Fundi atakayekuahidi kulisafisha anataka hela yako, skrini hubadilishwa. Ukiivua, igeuze lenzi chini au zifunike kwa soksi safi.