Maswali ya wasomaji: Injini ambayo "haijaguswa ndani"

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata Land Rover Series III ya mwaka 1974, ya petroli, chesi fupi, ambayo ningependa kuinunua. Muuzaji anashikilia kwamba injini haijaguswa ndani tangu itoke kiwandani, na kwa sababu hiyo ameongeza bei kuliko magari mengine ya aina hiyo niliyoyaona. Namba iliyopigwa kwenye bloku (mwili wa injini) inalingana na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Je, hilo linatosha? Kama halitoshi, nifanye nini bila kuibomoa injini yote? Msomaji, Arusha.

JIBU: Ndugu msomaji, namba kulingana ni habari njema, lakini ni habari ya bloku peke yake. Bloku inaweza kuwa ileile iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, huku pistoni, ringi, beringi na krenkishafti (krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni) zikiwa zimekwisha kubadilishwa, kwa kuwa fundi anayefanya ovahoo, yaani kuifungua injini na kuifufua, hana sababu yoyote ya kugusa namba. Hata cheti kinachotolewa na jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, kutokana na kumbukumbu za kiwanda, hueleza jinsi gari lilivyotoka kiwandani tu. Hakiwezi kueleza yaliyofanyika gereji miaka ishirini baadaye.

Muuzaji huenda pia akakuonyesha kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. Kipokee kwa shukrani, lakini usikifanye ushahidi wa uasili. Kompresheni nzuri hueleza kwamba ringi na valvu zinaziba vizuri leo, na injini iliyowekewa ringi mpya mwezi uliopita ndiyo itakayopima vizuri kuliko ile ambayo kweli haijafunguliwa.

Mahali pa kuanzia, kwa gharama ndogo, ni chini. Mwombe muuzaji ruhusa ya kushusha sampu (trei ya oili iliyo chini ya injini), nawe ukubali kulipia gasketi mpya na oili. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, tazama kiungo cha sampu: silikoni nyekundu au ya buluu iliyobanwa ikatokeza nje haikuwekwa na kiwanda mwaka 1974, na bolti zilizochubuka pembe zimekwisha kukutana na spana nyingi. Dalili hizi hazithibitishi kwamba krenki imeguswa, maana sampu hushushwa hata kwa sababu ya kuvuja tu, lakini maneno "haijaguswa" yatakuwa yamekwisha kupungua uzito.

Sampu ikishuka, hesabu vifuniko vya beringi kuu zinazobeba krenkishafti. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutumika katika Land Rover mwaka 1958, ilikuwa na beringi kuu tatu hadi mwaka 1980, ilipobadilishwa ikawa na tano. Gari lako ni la 1974. Ukikuta tano, injini nzima ni ya baadaye, hata namba ikilingana na kadi, na hapo nakushauri uiangalie namba yenyewe kwa makini zaidi.

Ukikuta tatu, endelea. Fundi afungue kifuniko kimoja cha konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) na kimoja cha beringi kuu, atoe ganda la beringi na kulisoma mgongoni. Krenkishafti ikilika, hupelekwa kuchongwa, kisha huwekewa beringi nene zaidi ili kujaza nafasi iliyoachwa. Kiasi kilichochongwa kwenye krenki huandikwa mgongoni mwa beringi: 010, 020, 030 au 040, yaani sehemu kumi, ishirini, thelathini au arobaini za elfu moja za inchi. Ukisoma 020, krenki imekwisha kuchongwa, na mjadala wa kama injini imewahi kufunguliwa umefungwa hapohapo. Kila kifuniko kirudishwe mahali pake na upande wake uleule, na bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Fundi anayesema anajua kwa mkono asiruhusiwe kugusa kazi hii.

Ukitaka uhakika wa silinda na pistoni, itabidi hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) itolewe, na hapa ndipo penye ushahidi mwingi zaidi. Safisha masizi juu ya pistoni, kwa sababu pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za mwanzo, kwa kawaida hupigwa chapa ya kipimo kichwani. Kisha pima silinda kwenye ukanda mwembamba wa juu kabisa, ambao ringi haziufikii na kwa hiyo haukuliki: hapo utapata kipimo kilichoachwa na mashine ya mwisho kuichonga. Cha kiwandani ni milimita 90.47. Ukipata 90.98, silinda zimeongezwa sehemu ishirini za elfu moja za inchi, ukipata 91.49, zimeongezwa sehemu arobaini, na ujazo wa injini umepanda hadi karibu 2,338. Kidole chako pia kina kazi: ukisikia ukingo chini ya ukanda huo, silinda zimefanya kazi muda mrefu tangu zilipochongwa mara ya mwisho.

Jihadhari na neno STD, yaani kipimo cha kawaida (standard). Beringi zenye chapa hiyo, au silinda yenye 90.47 kamili, hazimaanishi kwamba vitu hivyo ni vya mwaka 1974. Huenda krenki nyingine ambayo haikuwahi kuchongwa ilipachikwa, na huenda silinda zilizokwisha kuongezwa zilivishwa slivu mpya (bomba jembamba la chuma linaloingizwa ndani ya silinda) ili zirudi kipimo cha mwanzo. Slivu hujionyesha kwa mstari mwembamba wa mviringo kandokando ya mdomo wa silinda.

Kwa maoni yangu, injini iliyofanyiwa ovahoo safi, yenye risiti za karakana ya kuchonga, ina thamani kubwa kwa mtu wa kuliendesha gari kuliko ile ambayo kweli haijafunguliwa kwa nusu karne. Bei ya ziada mlipe muuzaji anayekubali sampu ishuke. Anayekataa, mpe bei ya gari la kawaida.

SWALI: Namba ya injini yangu haifanani na ya kwenye logbook. Je, nimeuziwa gari la wizi? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Si lazima. Land Rover za kazini zilibadilishiwa injini mara kwa mara, na wengi hawakwenda kubadilisha maandishi. Linganisha kwanza namba ya chesi. Hiyo ikiwa sawa, mwombe muuzaji hati ya mahali injini iliponunuliwa, kisha upeleke maombi ya mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya. Asipokuwa na hati, gari likaguliwe kabla ya kumaliza malipo.