Ufunguo ukikatikia kwenye kitasa usikimbilie kuuchomoa

Watu wengi ufunguo ukiwakatikia mlangoni, kitu cha kwanza ni kutafuta chochote chenye ncha wachokonoe, pini ya nywele, waya, kisu, chochote kilicho karibu, na nawaelewa maana kubaki na kichwa cha ufunguo mkononi kunachanganya akili. Tulia kwanza. Kile kipande kilichobaki ndani bado ni ufunguo. Kilichokatika mara nyingi ni shingo tu, meno yote yako mlemle kwenye kitasa.

Vitasa vingi tunavyotumia sasa ni vya silinda (kile kiini kinachoingia ufunguo) na pini, mtindo ambao mtengeneza vitasa Linus Yale Jr. aliuchukulia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani miaka ya 1860 na mpaka leo haujabadilika sana. Ndani kuna pini ndogondogo zinazosukumwa na springi, meno ya ufunguo yanaziinua kila moja kwa kimo chake, zikishakaa sawa zote basi ile duara ya katikati yenye tundu inazunguka na mlango unafunguka. Pini hazijui kama ufunguo wako una kichwa au hauna. Kwa hiyo kama kipande kimezama mpaka mwisho kama kawaida, chukua bisibisi bapa nyembamba, iguse pale kwenye mdomo wa tundu, zungusha taratibu upande ule ule unaofungulia siku zote. Mimi ndivyo nilivyoingia ndani, bisibisi ya kuazima kwa jirani, na ufunguo wangu wa spea ulikuwa ndani ya nyumba kama spea za watu wengi zinavyokuwa. Fikiria sasa ningefanikiwa kuchomoa kile kipande kwanza, ningebaki nje na kipande mkononi na mlango umefungwa vilevile.

Ila kama spea unayo hapo hapo, au mlango tayari uko wazi, sawa, chomoa. Na hapa ndipo watu wanapohangaika bure, wanavuta huku duara imekaa upande. Ufunguo hautoki mpaka duara irudi pale pale ulipouingizia, ikiwa imepinda hata kidogo tu pini zinakuwa zimeubana na utavuta mpaka jioni. Irudishe kwa bisibisi, utasikia kama inajikaza kidogo ikifika sehemu yake, ndo hapo.

Kipande kikiwa kimechungulia nje tumia kibanio cha nyusi, kile chembamba kabisa, maana kinene badala ya kushika kinasukuma ndani zaidi na hapo umejiongezea kazi. Kikiwa kimezama chote tafuta bledi ya msumeno mwembamba sana ule wa kuchongea mbao (ya msumeno wa chuma ni pana mno haiingii), vunja kipande chake, ipitishe ubavuni mwa ufunguo upande wa meno, na meno ya bledi yaelekee kwako wewe, sio ndani. Ikishaingia ipinde kidogo ing'ate, alafu vuta polepole. Itateleza, rudia. Inakuja kidogokidogo, unaona kwanza mstari mwembamba wa shaba unang'aa kwenye tundu, ukiuona huo hamia kwenye kibanio usiendelee na bledi. Kabla ya yote pulizia kilainishi kidogo, inasaidia sana.

Supaglu naomba usiijaribu. Ile ya kupaka gundi kwenye kijiti ugandishe na kipande ikubali kutoka, kwenye video inapendeza, kwenye mlango tone likigusa pini moja tu umeua silinda nzima. Sumaku nayo kwa funguo nyingi ni kujisumbua, nyingi zimetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na madini mengine, hata ile inayong'aa kama fedha mara nyingi juu ni nikeli nyembamba tu, sumaku haiwezi kuivuta itoke.

Zile funguo za kizamani ndefu za duara zenye meno mwishoni ni habari tofauti, kama tundu linatoboka mpaka upande wa pili na kuna mtu ndani, akisukuma na kijiti kipande kinaweza kutokea kwako, ilimradi kiwe kimesimama wima.

Sasa ukishaingia, jiulize kwa nini umekatika, maana ufunguo haukatiki ghafla hivihivi. Ni madini laini, unaanza kupata ufa mdogo pale shingoni na unaendelea kuutumia. Mlango wangu ulikuwa umelala bawaba zimelegea, ulimi wa kitasa unasugua fremu, kila siku unausukuma kwa bega ndo ufunguo uzunguke. Ningechongesha ufunguo mwingine bila kukaza zile bawaba nao ungekwenda njia hiyo hiyo. Wengine ni kitasa kikavu, na hapo unga wa risasi ya penseli ni bora kuliko mafuta ya kupikia, mafuta yanakusanya vumbi yanakuwa tope mle ndani.

Vile vipande viwili usitupe, mpelekee fundi wa funguo, anavipanga anakata mpya. Kama una ule ufunguo wa kwanza uliokuja na kitasa mpe huo, nakala ya nakala ya ufunguo uliolika inarithi makosa yote.

Na kama silinda imeshachokonolewa imeharibika, usinunue kitasa kizima. Zile silinda ndefu zinazotoboa mlango zinashikiliwa na skrubu moja ndefu inayoingilia ubavuni mwa mlango chini ya ulimi, fungua hiyo mlango ukiwa wazi, geuza ufunguo au kile kipande kidogo tu mpaka ile kucha ya katikati ya silinda, inayosukuma ulimi, ijifiche, itateleza yenyewe itoke. Pima kutoka tundu la skrubu kwenda kila upande kabla ya kwenda dukani, pande mbili mara nyingi hazilingani urefu.